Skrubu Yenye Rangi ya Kucha

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili tusizungushane, maana nimesikia watu wakiugawa ujinga huo kwa wengine. Wapo walioubandika kwenye mvua, wapo walioubandika kwa marehemu mwenyewe, na yupo mmoja, hodari wa kuamua kesi asizoitiwa, aliyembebesha dada yangu. Hapana. Huo ni wangu, niachieni.

Mimi ni fundi wa redio za kuongelea, zile ambazo madereva wa malori hufunga juu ya kioo na kubonyeza maiki ili wasemezane barabarani. Nazifunga, nazifufua, naziongezea nguvu. Jina langu la kazi ni Shoti. Nililipata siku niliyotia mkono ndani ya ampilifaya nikidhani nimeichomoa kwenye umeme, kumbe nimechomoa pasi ya jirani. Niliruka nikaangukia debe la skrubu, na nilipopata fahamu jina lilikuwa limekwisha kubandikwa. Mtu mwingine angejifunza unyenyekevu. Mimi nilijifunza kuangalia waya.

Karakana yangu ni chumba kimoja kando ya uwanja wa malori, kati ya mziba pancha na muuza mikanda ya feni. Siku nzima redio yangu ya mezani iko wazi. Nasikia nani ameishiwa dizeli, nani amegombana na utingo wake, nani anadanganya yuko wapi. Na kwa kuwa Mungu alinipa mdomo kabla hajanipa kazi, kila ninachosikia nakitafutia utani.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa akishusha mawe kutoka machimbo ya juu mlimani. Mtu wa maneno machache. Ukimsalimia anakujibu kwa nyusi. Nyumba yao iko upande wa pili wa bonde, juu kwenye kilima, inatazamana na mlima ule uso kwa uso, na mlimani kwenyewe simu haishiki. Ndiyo maana dada alikuwa na redio sebuleni, na kila shemeji alipofika kona ya juu, kabla ya kuanza kushuka na mzigo, alimwita. Akimaliza kushuka anamwita tena. Ndivyo walivyoishi.

Zamani alimwitia kwenye chaneli ya wote. Siku moja, akidhani hewa imelala, akamwambia mkewe, "Nikikusikia, mlima wote unakuwa tambarare." Mtu asiye na maneno, akitoa moja, linatoka zima. Bahati yake mbaya, mimi nilikuwa nasikiliza. Na Mluzi naye alikuwa anasikiliza. Mluzi ni dereva mwenzake, anaitwa hivyo kwa sababu hawezi kusema neno kwenye maiki bila kupiga mluzi kwanza, kama anaita mbwa.

Tulimla nyama kwa utani. Akiomba njia kwenye kona, namjibu, "Pita tu, shemeji, si kwako ni tambarare." Akilalamika gia inakataa, Mluzi anamshauri amwite mama mwenye nyumba mlima ulainike. Madereva wasiomjua hata sura wakaanza kumwita Tambarare. Hakujibu hata mara moja. Baada ya muda nikagundua simsikii tena akimwita dada hewani. Garini alikuwa amefunga redio ya pili, ndogo, kuukuu, karibu na mlango wake. Ile kubwa ikabaki ya kuongea na sisi. Nikajua amenuna, nikacheka, nikasahau.

Dada alikuja karakana siku moja ameibeba redio yake kwenye shuka, kama mtoto mwenye homa.

"Inalia," alisema. "Inalia mmm siku nzima kama jokofu. Shemeji yako simsikii vizuri."

"Shemeji hasikiki hata akiwa mezani."

"Shoti, sikucheka."

"Iweke hapo, dada. Nitaifanya mpya."

"Usiifanye mpya. Toa mlio. Mwenyewe amesema utoe mlio tu, kingine usiguse."

"Kwani hicho kingine kina nini?"

"Mimi nijue wapi. Ameiweka anavyotaka yeye."

"Dereva wa mawe ndiye wa kuiweka redio?"

Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia tangu utotoni, nilipomwambia sikulamba sukari na midomo inang'aa. "Mlio tu," akasema, akagonga meza yangu kwa kidole. Kucha zake zilikuwa nyekundu, zimepakwa vizuri. Hajawahi kukaa bila kuzipaka, hata akiwa na kazi ya jembe.

Mlio ulikuwa kazi ndogo. Kapasita za upande wa umeme zilikuwa zimekauka. Moja imevimba kichwa na kutoa ute. Nikazing'oa, nikachomelea mpya, nikawasha. Kimya. Hapo mwenye akili zake angefunga mfuniko akaenda kunywa chai.

Mimi nikaendelea kuchungulia. Ndani ya redio kama ile kuna kristali, kijipande kinachoiambia isimame wapi hewani, na pembeni yake skrubu ndogo kama punje ya mtama. Ukiigusa kidogo, redio inasogea. Ukiizungusha zaidi, inatoka kabisa kwenye chaneli na kusimama baina ya moja na nyingine. Chukulia chaneli ni vyumba: redio ya dada haikuwa chumbani, ilikuwa ndani ya ukuta. Niliiunganisha na mashine yangu ya kupima mawimbi, na namba ikaniambia hivyo hivyo.

Na juu ya skrubu kulikuwa na tone la rangi ya kucha. Nyekundu.

Sasa niseme jambo analolijua kila fundi wa kazi hii. Skrubu ya namna ile ukishaiweka unapotaka, unaidondoshea rangi au nta igande isitikisike. Huo ni muhuri. Unasema: aliyeweka ameridhika, wewe unayekuja nyuma, uliza kwanza. Mimi mwenyewe nimeweka mihuri hiyo miaka yote, na fundi akiuvunja wangu bila kuuliza namwita mwizi mbele ya wateja wake. Lakini muhuri ninaoujua unatoka kwenye kopo la fundi. Huu ulitoka kwenye kichupa cha dada. Nilicheka peke yangu mpaka mziba pancha akachungulia mlangoni.

"Kuna nini?"

"Njoo uone. Shemeji ameipeleka redio saluni."

Tukacheka wawili. Nikaukwangua muhuri kwa ncha ya bisibisi. Ulibanduka mzima, kama gamba la samaki. Nikaizungusha skrubu mpaka mashine ikaonyesha namba inayotakiwa, namba ya kiwandani. Mahali ilipokuwa sikupawekea hata alama ya penseli. Nani anaweka alama mahali pa kosa?

Na kwa kuwa mikono ilikuwa imekwisha kupata moto, nikamwongezea dada zawadi. Nilikuwa na ampilifaya ya zamani, ya valvu, iliyotoka kwenye lori lililoungua. Nilikuwa nimeiosha masizi kwa mswaki, nimebadilisha soketi, nimeisuka upya transfoma waya kwa waya. Niliifungia balbu badala ya antena nikabonyeza maiki, na balbu ikawaka nikaona hadi nywele za mkono wangu. Chombo kama kile ukikifufua unataka kikanguruma mahali ambapo watu watauliza ni kazi ya nani.

Kesho yake nikapanda navyo kilimani kwa dada. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa na kucha. Bonde lote lilikuwa limejaa ukungu, na mlima wa upande wa pili ulionekana kichwa tu. Niliweka redio kwenye meza yake ya dirishani, ampilifaya chini yake. Kiungio cha waya wa antena kilikuwa na kutu ya kijani, nikakikata nikatengeneza kingine. Nikapima mawimbi yanayorudi, sindano haikunyanyuka, dalili kwamba nguvu yote inatoka nje. Dada alisimama nyuma yangu akipangusa mikono.

"Hilo boksi la chini ni la nini?"

"Misuli."

"Mimi sikuomba misuli."

"Zawadi haiombwi, dada." Nikabonyeza maiki. "Mluzi, Mluzi. Nipe habari ya sauti yangu."

Mluzi ukapigwa, kisha kicheko. "Shoti, punguza, umenipasulia spika. Umepanda gari langu saa ngapi?"

"Niko kwa dada. Hii ndiyo redio ya Tambarare."

"Basi leo hata mlima wenyewe umesikia."

Dada alitabasamu kidogo. Nakumbuka hilo kwa sababu nilijisikia mtu mzima.

Mluzi aliponyamaza, mvumo wa hewa ukarudi, ule wa kawaida, kama mafuta yakikaangwa mbali. Na ndani ya mvumo kulikuwa na kitu. Mtu alikuwa anasema, lakini kama ana soksi mdomoni. Maneno hayana kingo. Yanakuja, yanakatika, yanakuja tena. Fundi yeyote anaijua sauti hiyo: ni mtu aliyesimama pembeni ya chaneli yako. Nami niliijua.

Dada alisogea mpaka bega lake likagusa langu. "Nani huyo?"

"Mlevi aliyesahau meno kwenye glasi."

"Ngoja, mwache kwanza. Anasema kama—"

"Dada, hewani kuna takataka za kila namna. Ndiyo maana redio ikawekewa hii." Nikashika nobu ya kunyamazisha, ile inayoziba sikio la redio lisisikie wadhaifu mpaka aje mwenye nguvu, nikaizungusha. Chumba kikawa kimya. "Umeona? Ulitaka mlio utoke. Umetoka na ukoo wake wote."

Dada alibaki ameinama, anasikiliza mahali ambapo palikuwa hapana kitu tena.

Alinipa chakula, nikala. Saa ya shemeji kuita kwamba amemaliza kushuka ilifika ikapita. Dada akakaa kwenye kiti cha dirishani, akabonyeza maiki mwenyewe.

"Mwenzangu, umefika wapi?"

Kimya.

"Mwenzangu, nijibu."

"Atakuwa ameshtuka," nilisema, mdomo umejaa. "Kazoea sauti yako nyembamba, leo inamjia na kifua cha mbeba mizigo."

"Hajawahi kukaa bila kujibu."

"Basi amenuna nimegusa redio yake."

"Atajuaje umeigusa?"

Nikatafuta maneno makubwa. Nilimwambia, na haya ndiyo maneno yangu kamili, hayajapunguzwa: "Dada, bonde lote hili hakuna redio safi kuliko yako. Kama husikii mtu, ujue hakuna anayesema."

Aliniamini. Ndugu yake, fundi, mwenye mashine ya kupimia. Alishusha mikono mapajani, akakaa. Kisha akaishika tena maiki. Nilipoaga alikuwa bado anaita, na hata nilipofika chini ya kilima nilipita kwenye kibanda ambacho mwenyewe alikuwa na redio mezani, nikamsikia dada ndani yake, mkubwa, mzito, wazi kabisa. Nikajipongeza.

Waliomsikia dada akiita usiku ule walidhani mvua imemlaza shemeji machimboni. Asubuhi iliyofuata Mluzi alikuwa anapanda mlima na gari tupu. Kwenye kona ya pili kutoka juu aliona mawe ya ukingo yamechubuka, meupe. Akasimamisha gari, akazima injini na redio ashuke kuangalia. Anasema ukungu ulikuwa bado mzito, na katika ukimya ule akasikia sauti ya mwanamke ikitoka korongoni.

"Mwenzangu, nijibu."

Mluzi si mtu wa kuogopa, lakini anasema kwanza alirudi hadi mlangoni mwa gari lake. Kisha akaitambua sauti, akateremka kwa makalio, akishika vichaka.

Lori lilikuwa limelala ubavu, mawe yamekuja mbele na kubonyeza kibanda cha dereva. Redio kubwa ilikuwa imepasuka uso, antena yake imeng'oka na upande wa juu wa gari. Ile ndogo ya mlangoni ilikuwa inawaka. Shemeji alikuwa amebanwa na usukani na dashibodi, mguu mmoja hauonekani. Maiki ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa hai.

"Namsikia," alimwambia Mluzi. "Tangu jana namsikia. Yeye hanisikii."

Mluzi alipanda kwenye gari lake, akaita kila mtu kwenye chaneli. Walikuja na jeki, na mitaimbo, na kamba. Walifanya kazi kama watu wenye deni kwake, na sote tulikuwa nalo. Alikata roho kabla hawajaiinua dashibodi. Muda wote huo redio ndogo iliendelea kumuuliza amefika wapi, mpaka Mluzi akanyoosha mkono akaizima. Anasema alifanya mambo mengi magumu kwenye korongo lile, lakini hilo ndilo linalomwamsha.

Kisha ikabidi amwambie dada. Simu haishiki, na hakuna aliyetaka ashuke bonde na kupanda kilima huku yule mama bado anaita. Mluzi akarudi kwenye gari lake, akashika maiki. Hakupiga mluzi. Dada ananiambia alijua hapo hapo, neno lilikuwa halijatamkwa, kwa sababu ilikuwa sauti ya Mluzi na mluzi haukuja.

Daktari aliyemwangalia marehemu alisema damu ilikuwa inavuja ndani polepole. Angepatikana siku ile ile ya ajali, mchana, angeishi; labda bila mguu.

Hakuna aliyeishuku redio. Mimi wa kwanza. Watu walipouliza ilikuwaje mtu ana maiki mkononi na mkewe asisikie, nilieleza kwa ufundi kwamba mawimbi hayapandi kutoka korongoni. Nilichora hata kwa kidole mezani. Watu wakatikisa vichwa. Nikieleza jambo naeleza vizuri, hilo nalo ni balaa langu.

Miezi michache baada ya maziko Mluzi aliniletea karakana ile redio ndogo, imefungwa kwenye fulana.

"Iangalie kama ni nzima," alisema. "Mkewe atataka kuiweka."

Nikaifungua kwa mazoea tu, kama mtu anavyojikuna. Karibu na kristali kulikuwa na skrubu kama punje ya mtama, na juu yake tone jekundu.

Sikucheka.

Niliiunganisha na mashine. Namba iliyotokea ilikuwa ile ile niliyoikuta kwenye redio ya dada, ile niliyoiita kosa. Alikuwa amezisogeza zote mbili pamoja. Alizitoa kwenye chaneli yetu, mbali na mimi na Mluzi na tambarare zetu, akaziweka ndani ya ukuta ambako hapiti mtu, akazigandisha kwa kitu pekee chenye rangi alichokikuta nyumbani kwake. Dereva wa mawe. Na hakuniambia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimemhamisha.

Nikamwita mziba pancha, nikampa maiki ya redio ndogo, nikamsimamisha nje ya mlango.

"Sema chochote."

"Niseme nini?"

"Chochote. Taja tairi ulizoziba."

Nikarudi mezani kwenye redio yangu, iliyo sawasawa kwenye chaneli, nobu ya kunyamazisha nimeifungua yote. Ikaja sauti ya mtu mwenye soksi mdomoni. Maneno hayana kingo. Yanakuja, yanakatika, yanakuja tena.

"Vipi?" mziba pancha aliuliza kutoka mlangoni. "Kuna nini?"

"Hakuna," nilisema. "Inatosha. Nyamaza."

Nilipanda kilimani jioni hiyo hiyo, jua halijazama. Mluzi alikuwa huko, amekaa kwenye kiti cha mlangoni akimtengenezea dada bawaba ya dirisha, kazi ya kujipa tu. Dada alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Redio ilikuwa imezimwa, imefunikwa kitambaa pamoja na misuli yake. Kucha zake hazikuwa na rangi, isipokuwa mstari mwembamba kwenye ncha, mabaki yanayosukumwa nje na kucha mpya.

Nilikuwa nimejiandaa kusema neno moja la msamaha na kunyamaza. Njiani nilikuwa nalo. Nikaeleza skrubu, muhuri, namba, redio mbili. Nilieleza vizuri.

Mluzi aliweka bisibisi chini. "Kwa hiyo yule mlevi wa meno uliyenihadithia..."

"Ndiye."

"Mchana ule."

"Mchana ule."

Akainuka, akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwetu.

Dada hakulia. Ningejua la kufanya angelia. "Alikuwa anasema nini?" aliuliza.

"Haikusikika, dada. Ndiyo maana ya kuwa nje ya chaneli, maneno yanakuwa—"

"Mimi nilianza kusikia. Nikakuambia ngoja."

"Uliniambia."

"Ukafunga."

Hapo ndipo mdomo wangu uliporudi kwenye mazoea yake. Nilihisi kabisa ukienda, kama gari lisilo na breki, na sikuushika. "Hakuna aliyeniambia kuna mpango, dada. Angeniambia yeye, ungeniambia wewe, nisingegusa. Fundi akikuta redio imetoka nje ya chaneli, anairudisha. Ndiyo kazi."

"Nilikuambia mlio tu."

"Mlio tu si maelezo."

"Ulikuta rangi yangu juu ya skrubu."

"Nilikuta."

"Ukadhani imefikaje kule? Nilikuwa naipaka redio kucha?"

Mluzi alisema bila kugeuka, "Shoti, acha."

"Siachi, maana nitaonekana muuaji. Wewe mwenyewe ulimcheka, tena kuliko mimi."

"Nilimcheka. Na mimi nitalala nalo. Acha, nakuambia."

Sikuacha. Nilimgeukia dada, nikamwonyesha kile kitambaa. "Na ile ampilifaya je? Mluzi angempita. Angepita na gari lake, angeona mawe yamechubuka, angesema ni ng'ombe, angeondoka. Aliyemteremsha korongoni ni sauti yako, na nguvu ya sauti ile niliifunga mimi, kwa mikono hii, bure. Redio yako bila misuli ile isingepenya ukuta wa chaneli mpaka kwenye redio yake kwa kelele ile. Kwa hiyo lihesabiwe na hilo. Alikufa ana mtu pembeni yake. Alikufa anakusikia. Kazi yangu haikuwa mbaya, dada. Mlio ulitaka utoke, umetoka. Washa usikie mwenyewe, hakuna mlio."

Dada alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akakivuta kitambaa kikae vizuri juu ya redio, akalainisha mkunjo wake kwa kiganja.

"Nilikuletea mlio uutoe," akasema. "Mume nilikuwa bado namhitaji."